Kabla utume pesa: vile unafaa kukagua besi gita ya mkono wa pili hapa Nairobi

Besi nyingi zinazouzwa hapa mjini ni za mkono wa pili, zimetoka kanisani, zimetoka kwa bendi iliyovunjika, ama kuna mtu alinunua akacheza miezi mitatu akaisimamisha nyuma ya kabati. Hakuna ubaya, besi ninayocheza kila Jumapili niliipata hivyo hivyo na siwezi kuibadilisha na mpya. Lakini kuna kitu kimoja nataka ushike kabla ya kingine chochote: kwa besi, shingo ndio gita. Pikapu, zile sumaku chini ya nyuzi zinazoshika sauti, zinabadilishwa, volyumu zinabadilishwa, jeki (tundu la kebo), briji (pale nyuzi zinashikwa kwa mwili), nyuzi, hata rangi unapaka upya. Shingo ikiwa imejipinda ama trasi rodi yake, kile chuma kinachopita ndani ya shingo, imekufa, hapo hakuna fundi atakuokoa kwa bei ya maana.

Mimi niliingia hiyo shimo kitambo. Besi yangu ya kwanza niliichukua kwa duka fulani katikati ya tao, ilikuwa imechomekwa kwa ampu kubwa, ile mashine ya kuongeza sauti, muuzaji akaongeza sauti za chini za ampu mpaka vioo vya kabati vikaanza kutetemeka na mimi nikaamini hiyo sauti yote inatoka kwa gita. Nikafika nyumbani, kwa kiampu kidogo, nikigusa freti (vile vichuma vinavyokata shingo) ya tano na ya sita kwa uzi wa G, ule mwembamba kabisa, noti inalia kidogo halafu inazima kama mshumaa umepulizwa. Nikabadilisha nyuzi mara mbili. Nikabadilisha pikapu. Pesa ikaenda na ile noti bado inazima, kwa sababu shida ilikuwa ndani ya shingo tangu siku ya kwanza na ningeisikia dukani kama ningeomba tu ile ampu izimwe.

Kwa hivyo tuanze hapo, na tuanze ukiwa bado kwako.

Ukiona besi mtandaoni mwambie muuzaji akutumie picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza, ashike gita kwa mwili, apige picha kutoka upande wa briji akiangalia shingo yote mpaka kichwani. Ya pili, nyuma pale shingo inaingia kwa mwili na pale kichwa kinaanza. Hizo sehemu mbili ndio nyufa hupenda. Mtu akikataa kukutumia hizo picha na anataka tu utume deposit ya kushikiwa, usitume, subiri ingine, besi haziishi.

Siku ya kwenda kuiona beba kebo yako mwenyewe ambayo unajua ni nzima, maana nusu ya kelele watu hulaumu gita ni kebo imeoza. Beba betri mpya ya volti tisa, rula yenye milimita, kadi ya biashara ya karatasi, hedifoni na kiampu chake kama unacho, na simu iwe na programu ya kutyuni. Nenda mchana. Shingo huwezi kuikagua chini ya balbu moja saa mbili usiku, na pia kwa usalama wako tu, mchana ni poa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binamu yangu mdogo mtaa wa Umoja kuangalia besi moja ya nyuzi nne, umbo la Jazz Bass, ile aina kampuni ya Fender walitoa mwaka 1960 yenye pikapu mbili na shingo nyembamba pale juu. Jamaa akatufungulia mlango, akatukaribisha chai, na gita tayari imelala kwa kiti imepanguswa inang'aa. Dogo akaifikia moja kwa moja akitafuta mahali pa kuchomeka. Nikamwambia ngoja kwanza, leta hapa.

Kitu cha kwanza ni kuiangalia vile fundi wa mbao soko la Gikomba anaangalia ubao kabla anunue: unainua mwisho mmoja mpaka kwa jicho, unafunga lile lingine, unaangalia laini. Weka jicho pale kwa kichwa ukitazama kuelekea briji, ufuate ukingo wa shingo upande wa uzi mnene halafu upande wa uzi mwembamba. Shingo inaruhusiwa kuinama kidogo mbele, kama upinde ulio karibu kunyooka, na upinde uwe sawa pande zote mbili. Ukiona upande mmoja umenyooka na mwingine umeinama, hiyo shingo imejisokota, weka gita chini pole pole na ushukuru kwa chai. Trasi rodi inarekebisha kuinama mbele na nyuma tu, kujisokota haiwezi.

Sasa pima huko kuinama. Finya uzi mnene, ule wa E, kwa freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwa freti ya mwisho kwa mkono mwingine, uzi sasa umekuwa rula. Angalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba ama ya nane, mwenzako aingize ile kadi ya biashara hapo. Ikiingia na kugusa kidogo tu bila kuinua uzi, hiyo ni kama milimita 0.3 na ni nzuri. Usitumie kadi ya benki, hiyo ni nene zaidi ya mara mbili. Kama hakuna nafasi kabisa, shingo imerudi nyuma na trasi rodi inataka kulegezwa. Kama nafasi ni kubwa, inataka kukazwa, na hapa ndio uulize swali ambalo watu wengi husahau: hiyo trasi rodi inazunguka? Mwombe muuzaji alenki yake, ile funguo ndogo ya pembe sita, na umwache yeye mwenyewe aizungushe robo mzunguko, maana bado ni mali yake na ikivunjika mikononi mwako mtaanza stori ingine. Ikiwa kile kichwa cha kuzungushia kimelika ama kimekazwa mpaka mwisho na shingo bado imeinama, hakuna mahali pa kwenda tena. Achana nayo.

Ya Umoja ilikuwa imeinama kupita kiasi, kadi tatu zilikuwa zinaingia. Jamaa akasema, "Braza, hiyo ndio vile ilitoka kiwandani." Nikamwomba alenki, akazungusha kidogo, tukaiacha tukinywa chai, tukarudi tukapima, ikawa kadi mbili na kidogo. Hapo nikajua chuma kiko hai. Hilo tu ndilo nilikuwa natafuta.

Hapa Nairobi lazima pia uulize gita imekaa wapi. Mbao inakunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Besi iliyoishi Mombasa miaka halafu ikaletwa huku juu, mita karibu 1,800 kutoka baharini, hewa imekauka haswa Januari na Februari, ubao wa freti unasinyaa kidogo lakini chuma za freti hazisinyai, kwa hivyo ncha zinatokeza pembeni. Pitisha kiganja pole pole pembeni mwa shingo, juu mpaka chini. Ikikukwaruza kama meno ya msumeno ndio hiyo. Sio mwisho wa dunia, fundi anazipiga faili, lakini unaitaja wakati wa bei.

Freti zenyewe ziangalie chini ya nyuzi. Mitaro midogo ni kawaida kwa gita iliyochezwa, na besi iliyochezwa mara nyingi ni besi ambayo mtu aliipenda. Mitaro yenye kina kwa freti tano za kwanza inamaanisha kazi ya kusawazisha ama kubadilisha freti, na hiyo ya mwisho ni ghali. Kisha simama mbele yake uangalie nyuzi mbili za pembeni, E na G, kama ziko umbali sawa kutoka kingo za shingo mpaka chini. Moja ikiwa inakaribia kuanguka nje, shingo imesukumwa upande pale kwa skrubu, na hapo mara nyingi kulegeza skrubu na kuirudisha kunatosha.

Haya, sasa uicheze, lakini bila ampu. Hii ndio sehemu nataka usikimbie.

Kaa mahali kimya, redio izimwe, dirisha lifungwe kama kuna matatu inapiga honi huko nje. Egemeza mfupa wa taya yako kwa ile pembe ya juu ya gita, ndiyo, kabisa, taya iguse mbao. Ukipiga uzi mtupu wa E utausikia ndani ya kichwa kama uko ndani ya ngoma. Besi nzuri inatetemeka mwili mzima, unaisikia mpaka kwa tumbo lako na kwa kiganja kinachoshika shingo. Nyingine ukipiga unasikia tu uzi, mbao imenyamaza. Sina kipimo cha hiyo, ni ya kusikia, na ukishasikia tano sita utaanza kutofautisha.

Halafu piga kila freti, kila uzi, moja moja, noti iachwe ife yenyewe. Ndiyo, ni zaidi ya noti themanini, na ndiyo, muuzaji atakuangalia. Hesabu kichwani moja, mbili, tatu. Noti za jirani zinafaa kuisha karibu pamoja. Besi nyingi zenye shingo ya kufungwa na skrubu, hata za bei kubwa, zina mahali pamoja panapokufa haraka, na mara nyingi ni uzi wa G kati ya freti ya tano na ya saba. Sababu ni kwamba shingo yenyewe ina mtetemo wake wa asili, noti ikigongana na huo mtetemo shingo inameza nguvu ya uzi. Kidogo inavumilika, utajifunza kucheza hiyo noti kwa uzi wa D. Lakini ikiwa jirani wanahesabu hadi saba na huyu anaisha kwa mbili, na wewe unapiga rumba ambapo noti zinataka kuvutwa, hiyo itakukera kila wiki. Kuna ujanja wa kufunga kitu kizito kwa kichwa cha gita ili hiyo sehemu ihame, inasaidia, sio dawa kamili.

Katika hizo noti sikiliza pia mikwaruzo, uzi kugonga freti. Ikikwaruza freti za chini tu, mara nyingi ni shingo imenyooka kupita kiasi. Ikikwaruza kila mahali, nyuzi ziko chini sana, tumia rula kwa freti ya 12, uzi wa E ukiwa na milimita 2 hadi 2.5 uko mahali pazuri kwa watu wengi. Ikikwaruza freti moja pekee, hiyo freti inayofuata imeinuka. Kwa mtu anayepiga kwa nguvu mikwaruzo midogo isiyosikika kwa ampu si kosa, wapigaji wengi wanaipenda hivyo.

Usihukumu sauti ya gita kwa nyuzi zilizooza. Nyuzi za miaka mitatu zikiwa nyeusi za jasho zinafanya besi yoyote iwe kama inapigwa ndani ya blanketi, na hazityuni sawa pia. Wapigaji wa zamani walikuwa wanazichemsha kwa sufuria dakika chache, zinakaushwa vizuri, na zinaamka kwa muda. Ukiwa na seti mpya nyumbani na muuzaji ana subira, mwombe mbadilishe hata uzi mmoja.

Kabla uchomeke, kitu cha haraka: tyuni uzi, uguse kidogo tu juu kabisa ya freti ya 12 bila kufinya, upige itoke ile sauti ya kengele, halafu finya freti hiyo hiyo upige. Programu ya simu ionyeshe noti ile ile. Ikitofautiana, angalia vile vichuma vya briji kama bado vina nafasi ya kusogea mbele ama nyuma. Vikiwa na nafasi ni kazi ya dakika kumi.

Sasa ampu. Weka visu vyote vya toni vya ampu, vile vya kuzungusha, katikati, hakuna kuongeza chochote, hata kama jamaa anakuambia iko poa zaidi na besi juu. Uzi mtupu wa E ni hezi 41, na kama ni ya nyuzi tano ule wa B ni hezi 31, spika ndogo haiwezi kutoa hiyo, unasikia tu zile sauti zake za juu na sikio linajaza yaliyobaki. Ndio maana nasema hedifoni, hapo utasikia chini kabisa bila kudanganywa. Kwa ya nyuzi tano huo uzi wa B ndio mtihani wote. Makanisani siku hizi watu wanataka nyuzi tano ili washuke mpaka D na E flati, sawa, lakini B ikilia kama mpira uliolegea na huwezi kusema ni noti gani, chukua nne nzuri.

Zungusha kila kisu kutoka sifuri mpaka mwisho. Kikikwaruza kama redio ya zamani ni vumbi, dawa ya kupuliza inamaliza ama kinabadilishwa kwa pesa kidogo. Tikisa kebo pale kwa jeki. Ikikatika katika ni jeki imelegea ama waya umeachia, fundi wa spika yeyote pale barabara ya Luthuli anachomelea. Gonga kila pikapu polepole na ncha ya bisibisi ya chuma ujue zote ziko hai. Piga nyuzi zote kwa nguvu sawa, moja ikiwa na sauti ndogo jaribu kuinua pikapu upande wake, lakini isikaribie sana, sumaku inavuta uzi na noti zinaanza kuyumba.

Mvumo. Stima yetu ni hezi 50 na noti ya G pale freti ya tatu uzi wa E ni 49, kwa hivyo mvumo wa stima unakaa pale pale ndani ya kazi yako, ukicheza wimbo wa G unasikia kitu kinapigana na wewe. Pikapu za Jazz Bass zikifunguliwa moja peke yake huvuma, hiyo ni asili yake, zikifunguliwa zote mbili sawa sawa kwa gita nyingi mvumo unafutana. Ile ya Precision Bass, besi ingine ya Fender yenye pikapu iliyokatwa vipande viwili, ilivyotengenezwa tangu 1957, haivumi hivyo. Kisha gusa nyuzi kwa mkono. Mvumo ukipungua, waya wa athi, ule wa kupeleka stima ardhini, uko sawa. Ukiongezeka, kuna waya umegeuzwa ndani. Na ukisikia mkono unawashwa, unapigwa hata kidogo, zima ampu kwa ukuta kabla uguse kitu kingine. Hiyo ni athi ya nyumba ama ya ampu, ni volti 240, na usikubali kuambiwa ni kawaida. Nimeona hiyo kwa kesha la jenereta, jamaa wa besi akashika maiki na mdomo ukapigwa. Alipona. Tangu siku hiyo kabla ya kesha napitia stima na waya zote kabla mtu yeyote ashike kitu.

Kama ni ya betri, badilisha uweke ile yako mpya kabla useme sauti imepasuka. Hizo gita zinakula betri wakati wote kebo iko ndani hata kama hauchezi, kwa hivyo betri ya muuzaji karibu kila mara imeisha.

Baada ya hayo yote cheza muziki wako, sio mazoezi. Benga inaruka juu ya shingo na inajibizana na gita la solo, kila noti lazima ikatike wazi, kwa hivyo sikiliza nyuzi za D na G kutoka freti ya saba kwenda juu. Rege, funga toni, tumia pikapu ya karibu na shingo, sikiliza kama chini kunabaki na umbo ama kunakuwa matope. Na usikae. Simama na mkanda, achilia mikono yote. Kichwa kikianguka kuelekea sakafu, utakuwa unabeba shingo kwa mkono wa kushoto ibada nzima. Uzito nao, kilo nne ni kawaida, ukipita nne na nusu mgongo utakuambia kwa wimbo wa tatu.

Dogo alimaliza yote, ikamchukua saa nzima na robo. Jeki ilikuwa imelegea, kisu cha toni kinakwaruza, nyuzi zimekufa, ncha za freti mbili zinakwaruza, na kichwani kuna nembo ya kampuni kubwa ambayo mashimo ya skrubu nyuma yake hayakufanana na ya ukweli hata kidogo. Nembo ni stika, inauzwa. Shingo ilikuwa nzima, ile noti ya G freti ya sita ilihesabu hadi tano. Nikamwambia jamaa kwa heshima, "Kaka, tutakulipa bei ya gita yenyewe, hiyo jina hapo juu hatulipi." Akafikiria, akaangalia bibi yake, akakubali. Elfu nne tukaibakisha kwa fundi na nyuzi.

Tukapanda matatu na gita katikati ya magoti, kichwa juu, kamwe usiiweke buti ama juu ya injini pale kwa dereva, joto la hapo linaweza kupinda shingo. Kwao nilimwambia aiache kwa stendi siku tatu nyuzi zikiwa zimetyuniwa bila kugusa trasi rodi, ipoe na ijue hiyo nyumba. Siku ya nne tukapima tena na kadi. Moja ikaingia, ya pili ikakataa kidogo, nikazungusha robo.

Sasa anajifunza kuhesabu kimya kati ya noti. Hiyo inachukua muda zaidi.